Mzee kaambiwa aingie kwenye utafiti wa tezi dume? Fanya hivi kabla hajasaini

Naandika hii kwa ajili yako wewe unayempeleka baba, babu au mjomba kliniki ya mkojo, halafu siku hiyo anatokea nesi na karatasi sita zimebanwa pamoja anasema "mzee, tuna utafiti hapa tungependa ushiriki", na nyuma yenu foleni haijaisha, mzee ana mpira wa mkojo, kaamka saa kumi usiku kuwahi namba, anachotaka ni kumuona daktari basi. Sisi ilitukuta hivyo hivyo. Mzee wangu alisaini palepale dirishani bila kusomewa hata mstari mmoja, kalamu nilimpa mimi mwenyewe bintiye, na ilituchukua miezi kuelewa tumeingia kwenye kitu gani. Utafiti wenyewe ulikuja kuwa wa maana sana na nashukuru aliingia, lakini namna tulivyoingia haikuwa sawa na sitaki mzee wa mtu mwingine aingizwe vile.

Hatua ya 1: Uliza ni utafiti wa aina gani

Kuna utafiti wa kufukua mafaili. Yaani watafiti wanaenda masjala wanatoa mafaili ya wagonjwa wa miaka iliyopita wanahesabu wangapi walipona, wangapi walifariki, nani alipewa nini. Unasaidia, ila mafaili yetu mnayajua, ukurasa umepotea, PSA (kile kipimo cha damu cha tezi dume) haikuandikwa, mgonjwa aliacha kuja na hakuna anayejua kama amefariki au alihamia tu hospitali nyingine.

Huu mnaoombwa kuingia mara nyingi ni wa kufuatilia kwenda mbele. Wanaanza na mzee leo alivyo, wanaandika umri, PSA, majibu ya kinyama (kile kipande kinachokatwa kwenye tezi kikapimwe), kansa imefika wapi, anakojoaje, halafu wanamfuata miezi, miaka, wakiandika kila kinachotokea kwa wakati wake. Na hapa ndani tena kuna aina mbili na tofauti yake ni kubwa. Moja ni ya kuangalia tu, mzee anaendelea na matibabu yaleyale ambayo angepata hata asingeingia, wao wanaandika. Nyingine ni ya kujaribisha, wanalinganisha dawa na dawa, au upasuaji na mionzi, na mara nyingi kompyuta ndiyo inapiga kura nani aende kundi gani, siyo daktari, siyo wewe, na wakati mwingine kundi moja linapewa kidonge kisicho na dawa ndani.

Kwa hiyo swali la kwanza kabisa, kabla ya yote: "Je, matibabu ya mzee yatabadilika kwa sababu ya utafiti huu?" Kama ni hapana unapumua kidogo. Kama ni ndiyo kaa chini vizuri, uliza yatabadilika vipi, na asipoingia atapewa nini.

Najua kuna mtu atasema kwani kuna haja gani ya kupigia watu kura kama wanyama. Nami niliwaza hivyo mpaka nilipokuja kujua habari ya vitamini E. Dalili za mwanzo kutoka tafiti nyingine zilikuwa zinaonyesha vitamini E na madini ya seleniamu huenda yanakinga kansa ya tezi dume, watu wakawa wanavinunua na kuvimeza kwa imani. Mwaka 2001 ukaanza utafiti mkubwa unaitwa SELECT, Marekani, Kanada na Puerto Rico, wanaume zaidi ya 35,000, wamegawanywa kwa kura, wengine vitamini E, wengine seleniamu, wengine vyote viwili, wengine kidonge kitupu. Mwaka 2008 wakasimamisha vidonge kwa sababu hakuna faida iliyoonekana. Wakaendelea kuwafuatilia tu, na mwaka 2011 ikatoka kwamba waliokuwa wakimeza vitamini E peke yake walipata kansa ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya wale wa kidonge kitupu. Zaidi! Bila kufuatilia watu kwenda mbele mpaka leo tungekuwa tunawanunulia wazee wetu hivyo vidonge tukijua tunawapenda.

Hatua ya 2: Fomu ya ridhaa iende nyumbani

Hii ndiyo hatua niliyoikosa mimi. Fomu ya ridhaa haisainiwi dirishani. Una haki ya kusema kwa adabu kabisa, "Nesi, naomba twende nayo nyumbani tuisome, tutarudi nayo kliniki ijayo," na mtafiti mwenye nia njema hawezi kukasirika. Akikubana kwamba ni leo au basi, hiyo nayo ni taarifa.

Nyumbani isomwe kwa sauti, mzee akiwepo, akiwa ameshakula na ametulia, siyo watoto wanasoma pembeni halafu wanamletea uamuzi. Omba ya Kiswahili, kwa huku kwetu lazima iwepo ya lugha anayoielewa, na kama mzee anaelewa Kisambaa au Kisukuma vizuri zaidi basi mtu wa nyumbani amtafsirie. Ukimaliza kila kipande mwambie akirudie kwa maneno yake. Baba alipokuja kusomewa hatimaye (tayari miezi minne imepita) akasema, "Kumbe naweza kukataa na bado nikatibiwa?" Alikuwa anaamini akikataa faili lake litatupwa. Miezi yote minne alikuwa na hofu hiyo moyoni na hakutuambia.

Kwa hiyo hakikisheni fomu inasema haya wazi: kushiriki ni hiari, anaweza kutoka siku yoyote, na akitoka huduma yake haipungui. Kama hayapo msisaini.

Na sikilizeni maneno yanayotumika, maana neno moja linabadilisha kila kitu. Uingereza kulikuwa na utafiti unaitwa ProtecT, walikuwa wanalinganisha njia tatu kwa kansa ambayo haijatoka nje ya tezi: upasuaji, mionzi, na kufuatilia kwa karibu bila kutibu kwanza. Mwanzoni wanaume wengi walikataa kuingia kwenye kura. Wakamuweka mtafiti wa mambo ya jamii, Jenny Donovan na wenzake, kazi yao kusikiliza kanda za mazungumzo ya wahudumu na wagonjwa, wakagundua ile njia ya tatu wahudumu walikuwa wanaiita kwa jina ambalo wagonjwa walilisikia kama vile daktari atakaa pembeni amtazame mtu anakufa. Wakabadilisha maneno, wakaeleza kwamba kufuatilia maana yake ni vipimo vya kila mara na ugonjwa ukisogea unatibiwa. Waliokubali wakapanda kutoka asilimia 30 hadi 40 mwaka 2000 mpaka asilimia 70 mwaka 2001, ugonjwa uleule, chaguo zilezile. Sasa fikiria huku kwetu ambapo maelezo yote yanatolewa dakika tatu umesimama.

Hatua ya 3: Angalia kibali

Hii ni fupi. Utafiti wa kweli una namba za kibali na zimeandikwa kwenye fomu, ukurasa wa kwanza au wa mwisho. Tanzania bara kibali cha utafiti wa afya kinatoka NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) pamoja na kamati ya maadili ya taasisi husika, na kama kuna dawa inajaribiwa TMDA (mamlaka ya dawa) nao lazima waidhinishe. Zanzibar ni ZAHRI, taasisi yao ya utafiti wa afya. Kenya kuna kamati za maadili zinazotambuliwa na NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), na dawa ni Bodi ya Famasia na Sumu, Uganda ni UNCST (baraza la taifa la sayansi) na kwa dawa ni NDA. Utafiti wa kujaribisha matibabu unatakiwa pia uwe umesajiliwa mtandaoni kwenye rejista ya wazi, namba inaanza na PACTR kama ni ile rejista ya Afrika, au NCT na tarakimu nane kama ni ya Marekani. Chukua simu yako, andika hiyo namba kwenye gugo, utaona nani anaufanya, umeanza lini, unataka watu wangapi, unapima nini.

Kwenye fomu kuna namba mbili za simu pia, ya mtafiti mkuu na ya kamati ya maadili. Ya kamati ndiyo ya kulalamikia, na haiko chini ya huyo mtafiti. Zisevu zote mbili.

Hatua ya 4: Maswali ya kuuliza bila aibu

Watu wa kwetu tunaona kuuliza pesa ni utovu wa adabu. Uliza.

Nani analipia vipimo vya ziada? PSA za kila miezi mitatu, skani ya mifupa, MRI, hivyo vitu ni hela, na bima inaweza isivifunike. Kama vipimo ni vya utafiti, utafiti ulipe, na iandikwe. Nauli je? Sisi tulikuwa tunatoka Korogwe mpaka Dar, nauli ya mzee na ya msindikizaji, na usiku mmoja wa kulala kwa ndugu kila mara. Tulirudishiwa nauli ya mzee peke yake kwa sababu hatukuuliza habari ya msindikizaji, na baadaye tukakuta kwenye fomu imeandikwa wote wawili wanalipiwa.

Akidhurika na dawa ya utafiti nani anamtibu? Utafiti ukiisha na dawa imemsaidia, ataendelea kuipata au anarudishwa kwenye kujinunulia? Hili la mwisho lina uzito kwetu maana dawa nyingi mpya za kansa ya tezi dume bei yake familia ya kawaida haiwezi.

Kinyama chake na damu yake vinaenda wapi? Vinaweza kuhifadhiwa miaka, vinaweza kusafirishwa nje ya nchi, na hilo si dhambi, lakini lazima liwe limeombwa na mzee aweze kusema ndiyo kwa utafiti huu na hapana kwa kuhifadhi.

Na swali ambalo wengi hawaulizi: usiku wa manane nampigia nani? Baada ya kukatwa kinyama kupitia njia ya haja kubwa mtu anaweza kupata maambukizi makali, akianza kutetemeka na homa siyo ya kusubiri kesho, ni hospitali sasa hivi. Vilevile mzee ambaye kansa imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo, siku akisema miguu inakufa ganzi, hawezi kusimama, au choo na mkojo vimebadilika ghafla, hiyo ni dharura ya masaa, uti wa mgongo unabanwa, asipowahiwa anaweza asitembee tena. Andika hizo dalili kwenye karatasi ubandike ukutani, na namba chini yake.

Hatua ya 5: Kipimo cha kwanza kiwe safi

Kila kitu kitakacholinganishwa miaka ijayo kinalinganishwa na kipimo cha kwanza, sasa kama hicho kimeharibika hesabu yote inapinda. PSA inapandishwa na vitu vingi visivyo kansa. U.T.I inapandisha, wengi wanasema subiri kama wiki sita baada ya kupona. Kukatwa kinyama kunapandisha, nako kama wiki sita. Kuwekewa mpira, hata kuendesha baiskeli sana, na tendo la ndoa ndani ya siku mbili kabla ya damu kutolewa. Hilo mwambie mzee, au mtu wa rika lake amwambie.

Kwa upande mwingine kuna vidonge vya kupunguza uvimbe wa tezi, finasteride na dutasteride, vikitumika miezi sita hivi vinashusha PSA karibu nusu. Mzee ana PSA 3, kila mtu anafurahi, kumbe ya kweli iko kwenye 6. Kama ameshawahi kununua duka la dawa asifiche.

Na mitishamba. Hapa ndipo wazee wanapodanganya zaidi, kwa sababu wameshagombezwa sana na madaktari. Sema yote: magome, mizizi, unga wa kuchanganya na uji, vile vidonge vya mtandaoni. Siyo kwamba dawa za miti ni ujinga, mti wa Prunus africana, ule Wakikuyu wanauita mũiri, unaota milimani kwetu Kilimanjaro na Mlima Kenya, na gome lake Ulaya wamelitengenezea dawa ya tezi dume miaka mingi mpaka mti ukawekwa kwenye orodha ya biashara inayodhibitiwa kimataifa. Tafiti 18 zilizokusanywa zilionyesha unafuu kiasi wa kukojoa, ila nyingi zilikuwa fupi, miezi michache tu, na hiyo ni kwa tezi iliyovimba, siyo kansa. Wakati ule mmea mwingine maarufu wa Marekani, saw palmetto, ulipowekwa kwenye majaribio ya kura mwaka 2006 na tena 2011 kwa dozi mpaka mara tatu, haukushinda kidonge kitupu. Kwa hiyo mtafiti akiuliza mzee anakunywa nini, haulizi ili amseme, anauliza kwa sababu kisipoandikwa dawa ya hospitali inaweza kusifiwa kwa kazi ya mzizi au kulaumiwa kwa madhara yake.

Hatua ya 6: Yale maswali mengine, wewe toka nje

Kila hudhurio kuna fomu ya maswali. Yapo yale saba ya mkojo, unaamka mara ngapi usiku, unakatika katika, unasukuma, kila moja sifuri mpaka tano, jumla 35, saba kushuka ni afadhali, ishirini kupanda ni hali mbaya. Hayo mzee anajibu. Halafu yanakuja ya nguvu za kiume, na ya kujizuia mkojo, na kama anavaa pampasi, na kama anahisi amekata tamaa.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake, binti yake wa kwanza. Nesi msichana, sauti ya juu, pazia tu katikati yetu na watu. Baba akajibu "sina tatizo mwanangu" kwa kila swali. Mara nne mfululizo, mwaka mzima, na ye yuko kwenye sindano za homoni ambazo kazi yake hasa ni kukausha homoni ya kiume. Kwenye kumbukumbu za utafiti akawa mzee asiye na madhara hata moja. Nilikuja kujua kwa mama kwamba alikuwa halali, anatoka jasho usiku kama amemwagiwa maji, na alikuwa analia.

Kwa hiyo muombe nesi mapema, pembeni, kwamba hayo maswali aulizwe na mwanaume kama yupo, chumbani, mlango umefungwa, na wewe uende ukanunue maji. Aende na kaka yako au baba mdogo siku hiyo kama inawezekana. Kwetu ilipofanyika hivyo majibu yalibadilika yote, daktari akaona, akapewa kitu cha kupunguza lile joto, na wale waliokuwa wanafanya utafiti wakaandika ukweli. Na ukweli huo unamfaa mzee mwingine atakayeulizwa kesho achague sindano au kutolewa korodani au kusubiri, maana ataambiwa kwa haki wenzake waliishije.

Hatua ya 7: Rudi. Rudi. Rudi.

Ule utafiti wa ProtecT niliousema, kati ya wanaume 1,643 waliokubali kura, baada ya wastani wa miaka 15 walijua hatima ya 1,610. Asilimia 98! Ndiyo maana mwaka 2023 waliweza kusema kwa uhakika kwamba waliokufa kwa kansa yenyewe walikuwa 45 tu, karibu sawa makundi yote matatu, ingawa kusambaa kwa ugonjwa kulikuwa karibu mara mbili kwa waliofuatiliwa bila kutibiwa kwanza. Majibu hayo yamewaondolea wengi visu visivyo na haraka.

Lakini karibu wote wale walikuwa wazungu, na kansa yao ilikamatwa mapema kwa PSA wakiwa hawana dalili yoyote. Mzee wetu anakuja mkojo umeziba na kiuno kinauma. Majibu yale huwezi kuyachukua ukamvalisha yeye kama koti la kuazima. Nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara hii ndiyo kansa inayoongoza kwa wanaume, na bado tunasoma majibu ya watu wengine. Upo mtandao wa watafiti unaitwa MADCaP unaokusanya wanaume wa Ghana, Nigeria, Senegali na Afrika Kusini, nao umeanza kujaza hilo pengo, na kila mzee wa huku anayeingia na kurudi anajaza kidogo.

Sasa ili arudi: wape namba tatu za simu, yako, ya jirani, ya mtu wa msikitini au kanisani. Tarehe ziandike kwenye kalenda ya ukutani mwaka mzima, na zikigongana na masika au kuvuna waambie mapema wasogeze, watasogeza, wana siku kadhaa za kuvumilia mbele na nyuma. PSA ipimwe maabara ileile kila mara kwa sababu mashine hazifanani. Nunua daftari la mia mbili, kila kitu kipya kiandikwe na tarehe, kichefuchefu, kuanguka, dawa ya malaria aliyonunua dukani. Na akihama au akifariki, Mungu apishe mbali, mtu apige simu aseme. Inauma, lakini mzee aliyepotea bila habari wanalazimika kubahatisha.

Akichoka na kutaka kutoka, atoke kwa kusema, asijifiche. Anaweza pia kuacha dawa ya utafiti na bado akakubali wawe wanampigia simu kujua hali yake, hilo wengi hawaambiwi.

Hatua ya 8: Siku ya mwisho

Uliza majibu ya utafiti yatatoka lini na mtaambiwaje. Kisha omba nakala ya vya kwake: PSA zote na tarehe zake, ripoti ya kinyama yenye alama ya Gleason (inayoonyesha kansa ni kali kiasi gani), picha na maelezo ya skani, majina ya dawa na dozi, kama kulikuwa na kura basi alikuwa kundi gani, wakishafungua siri ya nani alipewa nini. Daktari atakayefuata atavihitaji vyote na faili la utafiti huwa halikai pamoja na faili la hospitali, sisi tuliambiwa hivyo tukiwa tumeshafika getini ikabidi turudi ghorofani. Tulipewa karatasi nne. Baba kaziweka kwenye bahasha moja na hati ya shamba, juu ya kabati, na kila mgeni anayeanza kulalamika kuhusu mkojo anazishusha amuonyeshe.